Kabla ya Kununua Chupa Nyingine ya Kopepodi

Asante mwenyekiti. Nimeombwa nianze kwa kueleza kopepodi ni nini. Sitaeleza. Aliyeacha shughuli zake za Jumamosi akaja kukaa hapa anakijua kile kidudu cheupe, jamaa mdogo wa kamba, kinachorukaruka kwenye kioo ukimulika usiku tangi la samaki wa baharini. Asiyekijua, jirani yake atamnong'oneza.

Mimi nimekuja na habari ya makazi yao. Nawasikia pale nyuma: "Kaanza tena." Naam, nimeanza tena.

Kuna bwana mmoja, jina nalihifadhi, ana tangi la matumbawe linalong'aa kama sahani ya arusi. Mchanga kautoa, eti unashika uchafu. Mawe ni matatu, makubwa, laini, yamegandishwa kwa gundi, na kila wiki anayapiga brashi. Humo ndani akamtia mandarini, yule samaki wa Pasifiki ya magharibi mwenye buluu na rangi ya chungwa. Hapa kwetu, Bahari ya Hindi ya magharibi, tuna jamaa yake, Synchiropus stellatus, na tabia ni zilezile. Huyu samaki hali mara mbili kwa siku kama mimi na wewe. Anadonoa. Anasogea kidogo, anatazama jiwe, anadonoa tena, mchana kutwa. Na anachodonoa zaidi ni kopepodi.

Basi bwana yule akaagiza chupa ya kopepodi kutoka ng'ambo, kwa bei ambayo mkewe hadi leo hajaambiwa. Ikafika. Akaifungua saa sita mchana, taa zinawaka, pampu zinavuma, akaimimina yote mbele ya kioo. Samaki wote wakaja mbio. Yeye akafurahi: "Wamepokelewa!" Wamepokelewa kweli. Ile haikuwa kupandikiza mbegu, ilikuwa karamu. Baada ya muda mandarini tumbo limeingia ndani, mgongo umechongoka. Akaagiza chupa nyingine. Kisha nyingine. Mwisho akanipigia simu kwa hasira: "Mwalimu, hizi chupa ni feki."

Nikamwuliza, hao kopepodi wako wanalala wapi?

Kimya.

Sasa sikilizeni, maana mambo yote yako hapa. Kopepodi akitoka kwenye yai hupitia hatua sita za noplia, yaani kitoto kichanga, halafu hatua tano nyingine, ndipo awe mzima wa kuzaa. Kwa joto la matangi yetu, safari hiyo ni wiki moja hadi tatu, kutegemea spishi. Kwa hiyo swali si umemimina wangapi. Swali ni wangapi watafikisha wiki hizo bila kudonolewa. Katika tangi lisilo na ufa hata mmoja, hatafika mtu. Unaweza kumimina ndoo nzima. Maficho ndiyo yanayowanunulia muda, na wakipata muda watazaana wenyewe, bure, bila wewe kupiga simu ng'ambo.

Kuna atakayesema: "Lakini kopepodi si wanaogelea?" Wako wanaoogelea, kalanoida, hao maisha yao ni majini katikati, na katika tangi lenye pampu na samaki hawana maisha marefu. Tunaowataka ni harpaktikoida, watambaazi, kina Tisbe, wanaoshika jiwe na kuingia kwenye vitundu. Hata humo kuna tofauti. Yule Tigriopus californicus anayeuzwa sana ni harpaktikoida pia, lakini kwao ni vidimbwi vya miambani kwenye pwani ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini, vile vinavyojazwa na mawimbi yakirusha maji juu. Samaki hawafiki huko. Kwa hiyo akitiwa tangini anajitokeza wazi, anaelea na wekundu wake, analiwa wa kwanza. Ukimnunua yeye peke yake umenunua chakula, hukununua mfugo.

Haya, nyumba yenyewe. Ni kifusi. Vipande vya mawe yenye matundu, ukubwa wa sentimita moja hadi tatu, vimerundikwa bila kushindiliwa. Nafasi kati ya kipande na kipande iwe ndogo kuliko mdomo wa samaki, basi. Rundo moja nyuma ya mawe makubwa, mahali maji yanapita polepole. Ukitaka uhakika zaidi, litie kwenye kikapu cha plastiki chenye matundu ya milimita mbili au tatu: wao watatoka kidogokidogo kwenda kuliwa, samaki hataingia kuwamaliza.

"Kifusi kitashika uchafu, nitreti, ile taka iliyoyeyuka majini, itapanda." Hoja hiyo naijibu kila mwaka. Kitashika, ndiyo, na sehemu ya uchafu huo ndiyo chakula chao. Kikizidi, siku ya kubadilisha maji inua kikapu ukitikise ndani ya ndoo yenye maji yaleyale uliyotoa tangini. Si maji ya bomba! Mtu anaosha kikapu kwenye sinki kwa maji yasiyo na chumvi halafu ananiuliza kopepodi wameenda wapi.

Na wale wa Mombasa na Dar, najua mnachowaza: "Bahari hii hapa, nitaokota mawe nikirudi kuogelea." Acha. Kwenye hifadhi za bahari kama Kisite au Chumbe hairuhusiwi kuchukua kitu, na nje ya hifadhi pia kifusi kile ndiyo maficho ya kopepodi wa mwamba wenyewe. Matumbawe magumu, pamoja na mawe hai, yale ya mwambani yenye viumbe ndani yake, yamo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hayavuki mpaka bila kibali. Na huna haja nayo. Chukua jiwe la matumbawe ya kale, lile la machimbo walilojengea Lamu na Mji Mkongwe. Livunje kwa nyundo, lioshe, liloweke wiki kadhaa huku ukibadilisha maji. Lisiwe limetoka kwenye ukuta uliobomolewa, lenye chokaa au saruji.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na nilikuwa na nusu nyingine ya maneno. Nikimbie. Mwenye tangi la chini, lile dogo linalopokea maji ya tangi kuu kabla hayajarudishwa juu, aweke humo mwani wa nyuzi, Chaetomorpha, taa yake iwake usiku wakati ya juu imezimwa, na samaki asitiwe humo hata awe mdogo vipi. Pampu ya kurudisha maji haiwamalizi, ni wadogo, wengi hupita salama. Anayewamaliza ni ile soksi ya chujio ya mikroni 200: wazima wananasa humo, nawe unawatupa kila unapoifua. Itoe, au uitumie siku ya usafi tu. Ukilazimika kumimina chupa, mimina usiku, pampu zimezimwa, karibu kabisa na kifusi. Planktoni ya kijani, ule mwani mdogo sana unaoelea, wape kidogo, maji yasibadilike rangi.

La mwisho, maana kuna mtu ameniuliza mlangoni: dawa yenye shaba hairuhusiwi katika tangi hilo, hata tone. Inaua krasteshia wote, yaani jamii ya kamba na kaa, kopepodi na kamba wako pamoja. Samaki mgonjwa atibiwe kwenye tangi lake pembeni, na mawe hayo ya tangi la dawa yasirudi kwenye kifusi.

Haya, mpeni maikrofoni yule mama aliyenyoosha mkono tangu mwanzo.