Vitumbua vya Krismasi vya watoto: utamu wa ndizi na tende, bila sukari

Haya, karibuni jikoni kwangu, Tanga. Leo ni tarehe 23 Desemba, mchele umelala kwenye maji tangu jana usiku, na hizo kelele mnazozisikia nyuma yangu ni wanangu pamoja na watoto wa jirani. Shule zimefungwa, wanashinda hapa. Tunapika vitumbua vya watoto wadogo, vya Krismasi, na sukari hatutii hata chembe. Utamu wote unatoka kwenye ndizi na tende.

Nawaambia kwa nini nalishikilia hili. Siku ya Krismasi mtoto anaamkia biskuti, mchana pilau na soda, jioni kila nyumba anayopita kusalimia anapewa soda nyingine na pipi za mkononi. Kola ya chupa ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko 9 vya chai. Chupa moja hiyo, na mtoto mwenyewe ana miaka 2! Siwezi kumzuia bibi yake asimpe soda sikukuu. Ila kile ninachokipika mimi kwa mkono wangu, nataka kimpendeze na kimshibishe.

Vitu vyetu hivi hapa. Mchele vikombe 2, ulioloweka usiku kucha. Msihangaike na mchele wa bei, nunueni chenga, si tunausaga? Wangu wa Kyela nimeuficha, huo ni wa pilau. Ndizi kisukari 4, ziwe zimeiva mpaka ganda lina madoa meusi. Zile ambazo mwenye genge anataka kukuuzia kwa bei ya kutupa, hizo hizo. Tende 8, hiliki punje 6, hamira kijiko 1 cha chai, na nazi 1 kubwa.

Nazi nimeshaikuna, hilo mnalijua. Tende nimezitia maji ya moto dakika 10 zilainike, sasa natoa kokwa. Pitisha kidole ndani ya kila tende, hata kama pakiti imeandikwa kwamba hazina kokwa. Oneni, hii hapa! Imeandikwa hazina, na kokwa hili. Lingeingia kwenye blenda lingevunjika vipande, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu hajui kutema kipande cha kokwa.

Sasa nisikilizeni hapa, wapendwa. Tui. Unakamua kwa maji ya vuguvugu, vuguvugu tu. Mwaka juzi, mkesha wa Krismasi, nilikuwa na haraka, nikakamua nazi kwa maji yaliyotoka kuchemka, nikamimina tui lile juu ya hamira. Hamira ikafa. Nikasubiri saa nzima, nikasubiri ya pili, rojo liko vile vile kama nilivyoliacha, na watoto wamekaa kwenye mkeka na sahani zao mapajani. Nililia siku ile, sifichi. Kwa hiyo chovya kidole ndani ya tui, hesabu mpaka 10. Ukiweza kukaa bila kusikia joto la kukuchoma, endelea. Ukikitoa kidole, acha lipoe. Na yale maji ya tende pia yapoe, usiyamwage, yana utamu, lakini yapoe!

Natia kwenye blenda: mchele niliouchuja, tui kikombe 1 na robo, ndizi, tende na yale maji yake kidogo, hiliki. Hamira mwisho. Saga mpaka ukisugua rojo kati ya vidole viwili husikii chenga. Blenda yangu inapata moto, naizima kidogo, nawasha tena. Hilo nalo muwe nalo macho, maana blenda ikisaga muda mrefu inalipasha rojo joto, tukarudi kwenye hadithi ya hamira. Gusa tena kwa kidole. Vuguvugu. Sawa.

Rojo liwe zito kuliko uji wa kunywa, likidondoka kwenye upawa liache alama kidogo kabla ya kuzama. Limezidi uzito, ongeza tui kijiko kimoja kimoja. Funika, weka pembeni. Kwa joto letu la Desemba huku pwani dakika 40 zinatosha. Mlioko Njombe na Makete, na mvua hizo, wekeni karibu na jiko na muwe na subira ya saa 1 na nusu hivi.

Tukiwa tunasubiri, watoto wana kazi yao. Baba yao ameleta tawi la mvinje, tumelisimamisha kwenye ndoo ya mchanga. Wao wanakata karatasi za madaftari ya muhula uliopita, wanatengeneza mnyororo. Gundi ni unga wa ngano vijiko 2, maji nusu kikombe, koroga motoni mpaka iwe kama uji, ipoe. Mdogo akilamba vidole sina wasiwasi. Oneni huyu, amepaka rangi kila pete, nyekundu, kijani, nyekundu, kijani, na akikosea anaanza upya. Mwanangu, onyesha kamera. Hapo hapo, inyooshe... Jamani, rojo! Limefurika! Subirini, subirini niweke simu.

Haya, nimerudi. Bakuli lilikuwa dogo na mimi nimenogewa na mnyororo. Hapa mmeona wenyewe, bakuli liwe mara mbili ya rojo lako. Halijaharibika. Usilikoroge kwa nguvu kulirudisha chini, ule upepo ulioingia ndio ulaini wa kitumbua. Chota juu taratibu, pika.

Kikaango. Hiki cha vishimo 7 ndicho ninachouza, na wengi mlionunua mnanilalamikia kwamba kinashika. Kikiwa kipya, kioshe, kikauke, paka mafuta, kiweke motoni mpaka kitoe moshi, kiache kipoe. Rudia mara 3. Baada ya hapo usikisugue kwa steelwire, futa tu kwa kitambaa.

Nusu kijiko cha chai cha mafuta kila kishimo, yapate moto, mimina rojo robo tatu. Sikieni mlio huo. Nafunika dakika 2 hivi na... ah, kimeungua chini. Kamera ije karibu waone. Juu bado kibichi, chini cheusi. Hii ndiyo tofauti ya vitumbua hivi na vile vya kawaida: ndizi na tende zinashika rangi mapema. Moto mdogo. Narudia, punguza moto mpaka uone kama utalala njaa, hapo ndipo penyewe. Wenye mkaa, ondoeni nusu ya makaa.

Tunaanza tena. Moto wa chini, mafuta, rojo. Usiguse. Vitundu vinafunguka juu, ukingo unakauka na kuachia chuma wenyewe. Ukisukuma kitumbua na kikagoma, bado, kiache. Sasa natia kijiti cha mshikaki pembeni, nazungusha... kimegeuka. Angalieni rangi hiyo, kama korosho iliyokaangwa! Dakika 2 upande huu, halafu choma katikati kwa kijiti. Kijiti kikitoka kikavu, kimeiva.

Kwa wadogo sasa. Kitumbua kikipoa nje, ndani bado ni moto, kwa hiyo kipasue kwanza. Aliye chini ya miaka 2 mkatie vipande virefu anavyoweza kushika mwenyewe. Msipake asali kwa mtoto ambaye hajafikisha mwaka 1, hata kidogo, maana asali inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu tumboni mwake, na moto wa jikoni hauviui. Karanga nzima msinyunyizie, zinakaba, tumieni za kusaga. Mimi naweka embe pembeni, msimu wenyewe huu, dodo moja linatosha watoto watatu. Linalobaki nalisaga, namimina kwenye vifuko vya barafu, naweka kwenye friza. Siku ya Krismasi saa nane mchana, jua kali, wanalamba embe tupu na wala hawaulizi pipi.

Nimepata 26, ukiacha vile vilivyoungua. Kumi vinakwenda kwa mama wa jirani. Yeye Idi huniletea sahani imejaa na kitambaa juu, na sahani yake nisiirudishe tupu. Haya, njooni, mikono mmenawa? Wewe gundi hiyo bado. Kanawe. Tarehe 24 jioni nasaga rojo lingine la asubuhi ya sikukuu, na bakuli kubwa nimeshaliazima. Ngoja nizime gesi.