Vampaya wa Kidato cha Nne: Rehema na Kombo kipindini

REHEMA: Haya, tumeingia. Karibuni tena. Leo tulipanga kuzungumzia vitabu vya kuwapa vijana wasome likizo hii, na Kombo ana karatasi yake hapa, kaiandika vizuri mpaka na namba kaweka. Ila jana kanitumia ujumbe wa sauti.

KOMBO: Wa kawaida tu.

REHEMA: Saa saba usiku! Mtu mzima, ana mke, saa saba usiku ananiuliza, "Hivi huyu Edward cheti cha kuzaliwa anakipata wapi?"

KOMBO: Na hukunijibu mpaka leo.

REHEMA: Nilikuwa nimelala, Kombo.

KOMBO: Ngoja niwape watu mwanzo wake. Mpwa wangu mnamjua, yule aliyewahi kunitoa jasho humu humu kwa maswali. Shule imefunga, dada yangu yuko safarini, basi mjomba ndiye nikaenda Morogoro kumchukua. Nafika, nauliza sanduku liko wapi, naambiwa matroni anakuhitaji ofisini. Sasa we jiulize, mtu ukiitwa ofisini shuleni, hata uwe na mvi...

REHEMA: Ulichomekea?

KOMBO: Nilichomekea! Mkono ulikwenda wenyewe.

[kicheko]

KOMBO: Matroni kafungua droo, katoa kitabu. Jalada jeusi, mikono miwili imeshika...

REHEMA: Tufaha! Nilijua. Nilijua kabla hujamaliza.

KOMBO: "Mjomba, mtoto anasoma mambo ya mashetani, usiku, kwa tochi." Nikakabidhiwa kile kitabu kama kielelezo cha kesi. Kwenye basi binti kalala, mimi nikasema hebu niwaone hao mashetani. Dada Rehema, kuja kushtuka tuko Kibaha, foleni imesimama, na mimi sina habari nayo.

REHEMA: Kwa hiyo ulikipenda.

KOMBO: Sikukipenda. Nilikimaliza. Hayo ni mambo mawili.

REHEMA: Kwa ambao hamjakifikia, tunazungumzia Twilight. Kimetoka 2005, mwandishi ni Stephenie Meyer, na anasema kilianza na ndoto aliyoota Juni 2003. Msichana anaitwa Bella, anahamia kwa baba yake kwenye mji mdogo wa Forks, kule jimbo la Washington, Marekani, mvua asubuhi mvua jioni. Darasani anakutana na Edward, mvulana mzuri kupita kiasi, baridi kama barafu, hali chakula. Mimi nilivisoma vyote vinne chuoni, tulikuwa tunapokezana chumba kwa chumba mpaka majani yakaanza kuchomoka. Na siombi radhi kwa mtu.

KOMBO: Sasa swali langu.

REHEMA: La cheti.

KOMBO: Edward kazaliwa 1901. Mwaka 1918 yuko Chicago, yale mafua makubwa yamempiga, yuko kufani, daktari Carlisle akamgeuza vampaya, mnywa damu asiyezeeka. Ana miaka kumi na saba hapo. Sawa, nimekubali. Sasa tuko 2005. Mtu ana miaka mia na ushee, ana nguvu za kuzuia gari kwa mkono mmoja, anasoma mawazo ya watu, hafi. Dunia yote hii. Anaamua kwenda wapi? Sekondari!

REHEMA: [anacheka] Kuna sababu...

KOMBO: Tena somo lenyewe baiolojia! Kakaa kwenye maabara anaangalia mizizi ya kitunguu kwenye hadubini, eti hii seli iko hatua gani ya kugawanyika. Mtu alikuwa anapumua kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, leo anaangalia kitunguu!

REHEMA: Kombo, sababu imeandikwa. Wakijifanya wadogo wanapohamia mahali, wanaweza kukaa hapo muda mrefu zaidi kabla watu hawajashtuka kwamba hawazeeki. Ukianza na kidato cha kwanza unapata miaka. Ni hesabu ya maana kabisa.

KOMBO: Hesabu ya Marekani. Ilete Tanzania. Namba ya mtihani utaipata wapi? Mwaka huu kafanya kidato cha nne Njombe, miaka mitano mbele anafanya tena Lushoto, picha ni ile ile, sura ile ile. Baraza la Mitihani hawajamuona?

REHEMA: Kwa nini Njombe?

KOMBO: Kwa sababu ya jua! Hawa wakipigwa na jua ngozi inametameta, ndiyo maana wako Forks kwenye mawingu. Dar angesoma siku zipi? Masika tu. Mahudhurio asilimia kumi. Lazima umpeleke Makete huko, ukungu mpaka saa tano asubuhi.

REHEMA: Na baridi haimsumbui. Hata sweta la shule hanunui.

KOMBO: Unaona? Umeanza kuelewa. Halafu ada. Tangu 2022 kidato cha tano na cha sita navyo ni bila ada. Yaani kodi yangu mimi inamsomesha mtu aliyezaliwa 1901. Kwa mara ya ishirini!

REHEMA: Kwenye filamu ya kwanza, ile ya 2008, nyumbani kwao zile kofia za mahafali wamezipanga ukutani kama pambo.

KOMBO: Usinitanie.

REHEMA: Wallahi. Ukuta mzima.

KOMBO: Yaani wanajivunia! Mimi nilidhani wanaficha. Na hakuna hata mmoja aliyefungua kampuni?

REHEMA: Sasa nikikwambia kwamba hayuko peke yake? Ile tamthilia ya The Vampire Diaries, iliyoanza 2009. Stefan kageuzwa 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani bado vinaendelea. Anarudi kwenye mji wa kwao. Kitu cha kwanza anachofanya?

KOMBO: Usiseme.

REHEMA: Anajiandikisha shule.

KOMBO: Naye karudia!

REHEMA: Na anaingia darasa la historia, anamsahihisha mwalimu.

KOMBO: Huyo nimemwelewa kidogo, kwa sababu yeye alikuwepo. Huyo ni shahidi, si mwanafunzi. Lakini jamani, tuwarudie mababu zao. Dracula, kitabu cha Bram Stoker, 1897, niliwahi kukisoma. Yule mzee yuko kwenye ngome yake milimani, anataka kwenda Uingereza. Anafanyaje? Anajisomea mwenyewe! Ana vitabu vya sheria za Uingereza, ana ramani, mgeni anamkuta kajilaza kwenye kochi anasoma ratiba za treni. Za treni, Rehema! Anajiandaa. Anamwita mtu wa ofisi ya wakili kwa ajili ya nyumba, ananunua, anasafiri kwa meli. Huyo ni mtu ana malengo.

REHEMA: Dracula ana mpango wa maendeleo.

KOMBO: Ana dira! Edward ana kitunguu.

[kicheko kirefu]

REHEMA: Chidi kule nyuma ya kioo anafuta machozi. Chidi, tuna muda gani? ... Eh! Kombo, karatasi yako bado hatujaigusa.

KOMBO: Tutaifikia. Ila kuna jambo nataka kukuuliza la kweli, nje ya utani wa shule. Wewe ni mtu wa Tanga, umekua na hadithi za mumiani.

REHEMA: Sana. Bibi alikuwa hatukalishi nje baada ya magharibi. Gari likipita polepole, taa zimezimwa, ndani! Na zimamoto, wengi mtakumbuka, lile gari jekundu lilikuwa na sifa mbaya kupita hata polisi. Watu wakisema wale hawazimi moto, wanakusanya damu. Na si Tanga tu, Nairobi wazee wanakwambia hayo hayo, Uganda hayo hayo. Kuna mwanahistoria, Luise White, alikwenda kuwahoji wazee Kenya na Uganda, akachimba na mafaili ya wakoloni, akatoa kitabu mwaka 2000, Speaking with Vampires. Nilichopenda, hakuja kucheka watu. Hakusema hawa wajinga. Alisikiliza, akaona humo ndani watu wanazungumza kuhusu kazi, mshahara, sare, gari la serikali, daktari anayekuchoma sindano na hakuelezi kitu. Damu yako inakwenda na hujui inakwenda wapi.

KOMBO: Hapo hapo. Mumiani ana sare. Ana gari. Yuko kazini. Bibi yako alikuwa anakufundisha kukimbia. Huyu wa kitabu cha mpwa wangu anafundisha watoto kusogea karibu.

REHEMA: Hapana, sasa unabadilisha mazungumzo.

KOMBO: Ndiyo nayarudisha kwenye njia. Bella amelala. Edward anaingia chumbani usiku, anakaa, anamwangalia. Si siku moja. Na binti hajui. Tena baba wa binti ndiye mkuu wa polisi wa mji! Nyumba ya OCD, mtu anapita dirishani!

REHEMA: Na Bella alipojua...

KOMBO: Akafurahi! Ndiyo tatizo langu! Halafu kitabu cha tatu, binti kanisimulia njia nzima baada ya kuamka, jamaa hataki msichana aende kumtembelea rafiki yake Jacob. Kafanya nini? Kafungua kifaa kwenye injini ya gari lake ili lisiwake. Rehema. Kamkatia usafiri. Kwetu mwanamume kama huyo tunamwitaje?

REHEMA: Tunamwita mhusika wa hadithi.

KOMBO: Aa-ah.

REHEMA: Nisikilize, kwa sababu hili nimelisikia tangu chuoni, na kila mara anayelisema ni mwanamume. Wewe Kombo umeangalia filamu ngapi mtu mmoja anaua jeshi zima kwa sababu ya gari lake? Kuna aliyekukalisha akakuuliza, je, wewe nawe utaua? Hakuna. Wavulana wakipenda kitu cha kipuuzi ni burudani. Wasichana wakipenda kitu cha kipuuzi, tunaitisha kikao na matroni. Ile filamu ya kwanza kaongoza mwanamke, Catherine Hardwicke, kwa bajeti ya dola milioni 37 tu, ikarudisha zaidi ya mara kumi. Walionunua hizo tiketi wengi ni mabinti, na hao ndio watu walikuwa wanawacheka barabarani.

KOMBO: Sijamcheka mtu. Nimecheka kitunguu.

REHEMA: Na binti anajua kwamba ni ndoto. Mimi nilijua. Nilikuwa na miaka ishirini, nilimpenda Edward mpaka basi, na mtu angepita dirishani kwangu ningepiga kelele mtaa mzima uamke.

KOMBO: Wewe ulikuwa na ishirini. Huyu ana kumi na tano. Na tofauti ya filamu zangu na hiki ni hii: hakuna mtu atakayekuja kwangu kesho na bunduki akaniita ndugu yangu, nakupenda. Lakini huyo wa kushika simu ya binti, uko wapi, uko na nani, mbona hujibu, nakuuliza kwa sababu nakupenda, huyo yupo. Yupo kila mtaa. Na akifika, binti atamwona kama amemfahamu zamani, kwa sababu kamsoma.

REHEMA: Au atamtambua mapema kwa sababu kamsoma.

KOMBO: Unaamini hivyo?

REHEMA: Naamini kabisa. Edward mwenyewe anamwambia Bella, mimi ni hatari, kaa mbali nami. Wa mtaani anakwambia hivyo lini?

KOMBO: Ndiyo kibaya zaidi! Kasema ni hatari, halafu habanduki!

REHEMA: Kombo.

KOMBO: Sikubali. Samahani. Hapa sikubali.

REHEMA: Na mimi sikubali. Tumekwama.

KOMBO: Tumekwama.

[kimya]

REHEMA: Ukinidai mwenyewe kosa la kile kitabu, nitakwambia la Waquileute. Hawa ni watu wa kweli, wako pwani karibu na Forks, kijiji chao kinaitwa La Push. Meyer kachukua jina lao, kawafanya mbwa mwitu, kauza duniani kote. Wenyewe wakati huo wanahangaika na kuhamisha makazi yao mahali pa juu kwa hofu ya tsunami, mpaka 2012 ndipo sheria ikapita Marekani ya kuwapa eneo kutoka kwenye hifadhi ya Olympic. Hilo lilinikera nilipolijua. Kuliko dirisha.

KOMBO: Kuliko dirisha?

REHEMA: Kuliko dirisha, ndiyo.

KOMBO: Mimi yote mawili. Sioni kwa nini nichague... Chidi ananionyesha vidole.

REHEMA: Dakika nne. Toa karatasi.

KOMBO: Haya. Namba moja: namna ya kuzungumza na kijana kuhusu kitabu ambacho hukipendi bila kukichoma moto. Hapa nilikuwa na maelezo marefu. Namba mbili...

REHEMA: Kabla ya mbili, kitabu umemrudishia?

KOMBO: Bado.

REHEMA: Kombo!

KOMBO: Mke wangu anakisoma! Jana kaniuliza, "Kwani huyu ada analipiwa na nani?" Nikamwambia, mama, kaa hapa, tuanze mwanzo.

REHEMA: Basi ndiyo maana saa saba usiku.

KOMBO: Ndiyo maana. Namba mbili, hadithi za kutisha za Kiswahili kwa vijana, hii ni ndefu. Namba tatu inahitaji namba mbili. Namba nne ilikuwa maswali ya wasikilizaji.

REHEMA: Haitoshi hata moja.

KOMBO: Nisome majina ya vitabu haraka haraka?

REHEMA: Vikisomwa haraka nani atavinukuu? Weka, wiki ijayo.

KOMBO: Wiki ijayo tuliahidi muziki wa taarab.

REHEMA: Basi wiki ile nyingine. Watu wa saa nane wamefika, wako mlangoni na magitaa yao. Mimi ni Rehema.

KOMBO: Mimi Kombo. Na lile la injini nitalirudia.

REHEMA: Lirudie, utanikuta hapa hapa. Chidi, kata.