Prince Demah, Mchoraji wa Boston

Mabibi na mabwana, leo nazungumzia wachoraji wa sura za watu katika makoloni ya Waingereza kule Amerika, na hasa mmoja wao.

Boston ya karne ya 18 ilikuwa mji wa biashara. Mtu akishatajirika alitaka picha yake ukutani, na ya mkewe pia. Shule za sanaa hazikuwepo. Wengi walijifunza kwa kunakili picha zilizochapwa London. John Singleton Copley, aliyewapita wote, alilalamika kwamba watu wa kwao waliiona kazi hii sawa na useremala au ushonaji viatu. Lakini Copley alikuwa mtu huru, na jina lake lilijulikana.

Prince Demah alikuwa mtumwa. Yeye na mama yake, Daphney, walikuwa mali ya Henry Barnes, mfanyabiashara wa Marlborough, Massachusetts, na mkewe Christian. Christian alikisifu kipaji cha Prince katika barua kwa rafiki yake. Kisha Prince akapelekwa London, akafundishwa na mchoraji Robert Edge Pine.

Januari 1773, gazeti la Boston lilitoa tangazo: kwa fundi saa fulani kuna mtu mweusi mwenye kipaji cha ajabu, amefundishwa na bingwa wa London, anachora sura kwa bei ya chini kabisa. Wanahistoria wanaamini ndiye yeye. Jina halikutajwa! Fundi saa katajwa, mchoraji hakutajwa. Hilo linaniuma kila nikilisoma.

Mwaka huohuo alimchora William Duguid, mwagizaji wa vitambaa. Tazameni joho lake la nyumbani, maua yake yalivyochorwa kwa subira. Mfanyabiashara wa nguo kavaa bidhaa yake, na Prince aliliona hilo.

Vita vya uhuru wa Amerika vilipokuja, akina Barnes, waliokuwa upande wa mfalme wa Uingereza, wakakimbia. Prince akaingia jeshini upande wa Wamarekani, kikosi cha mizinga, mwaka 1777, akiwa mtu huru. Alifariki 1778. Katika wosia wake alijiandika mchoraji, na mali yote akamwachia mama yake.

Picha zake zinazojulikana ni tatu. Ya Duguid iko katika jumba la makumbusho la Metropolitan Museum, New York. Mbili ziko Hingham, Massachusetts, nazo ni sura za Henry na Christian Barnes, haohao waliommiliki.