Maua 11 ya Mama Mkwe

HAMISI: Tunarekodi?

REHEMA: Tangu ulipokohoa. Karibuni jamani. Mliotuzoea mnajua Hamisi akianza na kikohozi ana kesi.

HAMISI: Ninayo. Mama mkwe kasafiri, katuachia chungu chake cha violeti. Saintpaulia, ile yenye majani ya manyoya. Jumanne nimechuma maua yote.

REHEMA: Yote?

HAMISI: Yote 11.

REHEMA: Subhanallah. Mama mkwe anasikiliza kipindi hiki, Hamisi. Ndiye aliyelalamika kuhusu kicheko chako.

HAMISI: Kwa hiyo leo nasema taratibu. Ilikuwa kwa ajili ya sayansi. Niliyaponda kwenye kinu kidogo cha vitunguu saumu, nikatia maji ya moto kiasi, nikachuja kwa kichujio cha chai. Yakatoka maji ya zambarau. Nikagawa vikombe vitatu vya kahawa. Cha kwanza nikakamulia ndimu, kikawa pinki palepale, kabla sijaweka ganda chini. Cha pili nikatia magadi, kikawa kijani kama maji ya mlenda.

REHEMA: Na cha tatu?

HAMISI: Cha tatu mke wangu alikuta mezani akauliza ni nini.

REHEMA: Ukasema?

HAMISI: Nikasema anthosayanini.

REHEMA: (anacheka) Mtu anaulizwa maua ya mama yamekwenda wapi, anajibu kwa Kigiriki.

HAMISI: Lakini ndiyo hasa! Hiyo rangi ni anthosayanini, na anthosayanini ni antioksidanti. Ngoja nieleze. Radikali huru ni molekuli iliyokosa elektroni mwenza. Inakwapua kwa jirani, jirani naye anabaki pungufu, anakwapua kwa mwingine. Kama wale wa pikipiki wanaopora simu. Sasa antioksidanti inampa mporaji anachotaka, na yenyewe haigeuki kuwa mporaji. Mnyororo unakatika hapo.

REHEMA: Hapo sina ugomvi. Na maabara wanapima vizuri tu: wanachukua dawa moja ya zambarau iliyokolea, wanatia juisi ya mmea, zambarau ikififia kuelekea njano, basi mmea una nguvu hizo.

HAMISI: Umeona? Hata kipimo chenyewe kina rangi ya violeti.

REHEMA: Usinipoteze. Chungu cha mama mkwe sasa kikoje?

HAMISI: Kipo. Vikonyo vimesimama wima, vitupu, kama njiti za kiberiti. Nimekizungushia upande wa pazia.

REHEMA: Ili aonekane kama maua yapo upande wa nyuma?

HAMISI: Hakuna maua, Rehema! Hiyo ndiyo kesi.

REHEMA: Sawa, kaka. Tumwambie msikilizaji kwa nini violeti. Inauzwa kwenye vyungu dunia nzima, bibi wa Ulaya anayo dirishani, lakini kwao ni milimani kwetu huku, Usambara. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliikuta, akaipeleka kwao Ujerumani, na 1893 Hermann Wendland akaipa jina la kisayansi.

HAMISI: Kumbe si Mtakatifu Paulo.

REHEMA: Mkuu wa wilaya, ndugu yangu. Na tangu 2015 wataalamu wameitia kwenye kundi la mimea liitwalo Streptocarpus, ingawa watu bado wanasema Saintpaulia. Porini ni chache mno. Inashika kwenye mwamba wenye kuvu na majani ya kuoza, kivulini, karibu na kijito. Mkikata miti ya juu, jua linaingia, mwamba unakauka, nayo inakufa bila mtu kuigusa.

HAMISI: Ndiyo maana nasema watu waelezwe ina nini ndani. Mtu halindi asichokijua thamani. Ukimwambia mwanakijiji "hili ni ua zuri", atakuangalia tu. Mwambie lina antioksidanti...

REHEMA: Atakuja na jembe.

HAMISI: Hapana!

REHEMA: Ndiyo! Ule mti wa Prunus africana ulipojulikana unatengenezewa dawa ya tezi dume, miti ilichunwa magome mpaka ikafa imesimama. Mwaka 1995 ikabidi biashara yake iwekewe masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini.

HAMISI: Lile ni gome la mti mkubwa, na dawa ilikuwa na soko. Violeti inaota kwa jani moja! Unachomeka kwenye udongo, unapata miche. Nani apande mlima?

REHEMA: Anayesema "ya msituni ndiyo yenye nguvu". Umewahi kumsikia muuza dawa akisifia ya chungu?

HAMISI: ...Hilo ni suala la muuza dawa, si la elimu.

REHEMA: Na hiyo elimu yenyewe nusu. Rangi ikififia kwenye chupa haina maana kwamba mtu anapona. Ufini waliwapa wanaume wavutaji sigara beta-karotini, antioksidanti iliyomo kwenye karoti, washiriki wa jaribio walikuwa 29,133. Mwaka 1994 matokeo yakatoka: waliokunywa walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Wamarekani nao 2012 wakaiondoa kwenye tovuti orodha yao ya alama za antioksidanti za vyakula, kwa sababu wauzaji waliigeuza tangazo.

HAMISI: Vidonge vile, Rehema. Dozi kubwa, kwa watu wanaovuta. Mimi sisemi mtu anywe violeti. Nasema tusinyamaze kuhusu mmea eti kwa sababu mtu atausikia vibaya.

REHEMA: Na mimi nasema kuna maneno ambayo ukiyasema kuhusu mmea adimu, umeutoa mmea wenyewe uvunwe.

HAMISI: Basi tusingerekodi hiki kipindi.

REHEMA: Nililiwaza hilo nikiwa njiani.

(kimya)

HAMISI: Sikubali.

REHEMA: Hujaombwa kukubali. Hata mimi sikubali.

HAMISI: Tulikuwa na mambo matatu ya msikilizaji kuondoka nayo, nimeyaandika hapa.

REHEMA: Tuna dakika moja. Soma la kwanza.

HAMISI: "Moja: usile ua kwa sababu ya rangi..." Subiri, simu.

REHEMA: Nani?

HAMISI: Mama.

REHEMA: Mama yako?

HAMISI: Mama mkwe. Anasema anarudi kesho asubuhi. Anauliza kama nimemwagilia.

REHEMA: Mwambie umemwagilia vikonyo.

HAMISI: Zima, Rehema. Zima hicho kidude.