Habari Gani? Nikajibu Vibaya

Haya jamani, karibuni tena. Hapa Chicago, theluji mpaka kwenye vifundo vya miguu. Leo ni tarehe 28 Desemba na nina kisa.

Juzi tarehe 26 dada mmoja Mmarekani mweusi ninayefanya naye kazi kanialika kwake kwenye Kwanzaa, sikukuu yao ya siku saba. Nafika, hata koti sijavua, mzee mmoja kaninyooshea mkono: "Habari gani?" Nilivyofurahi kusikia Kiswahili! Nikajibu, "Nzuri, shikamoo mzee." Sebule nzima kimya, halafu vicheko. Kumbe jibu ni "Umoja." Kila siku ina jibu lake: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba, Imani, mpaka Januari mosi. Mwenye lugha ndiye niliyefeli!

Msije mkadhani hii sikukuu imetoka kwetu. Maulana Karenga aliianzisha California mwaka 1966, kwa ajili ya weusi wa huku ambao utumwa uliwanyang'anya mpaka lugha za mababu zao. Mababu wenyewe wengi walitoka Afrika Magharibi, ila Kiswahili kilipendwa kwa sababu si cha kabila moja. Mezani kuna mkeka na kinara cha mishumaa saba: mmoja mweusi katikati, mitatu myekundu, mitatu ya kijani. Halafu kila mtoto wa nyumba na muhindi wake. Mtoto kanionyesha, "Huyu muhindi wangu," nikabanwa na kicheko. Ila yule mzee alipoanza kumimina maji kuwakumbuka wahenga, anataja jina moja moja, kicheko kikaniisha.

Sasa, nilikwenda na jirani yangu, bibi wa Kizungu. Kabla ya kutoka alinipigia simu mara tatu: "Hivi mimi naruhusiwa? Hawatakasirika?" Bibi huyuhuyu kila Machi, Siku ya Mtakatifu Patrick, anavaa kofia ya kijani anakwenda kuangalia mto wa Chicago ukitiwa rangi ya kijani, mambo yaliyoanza 1962, na Ireland hana hata shangazi. Tarehe 5 Mei yuko kwenye kinywaji cha margarita, pombe ya Kimexico, anaamini anasherehekea uhuru wa Mexico. Uhuru wao ni tarehe 16 Septemba, bibi! Hiyo ya Mei ni vita vya Puebla, 1862, walipowachapa Wafaransa. Huko ruhusa haombi mtu.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema Waayalandi hawatamwambia, "Mmechukua vyote, sasa mmekuja kuchukua na hiki." Nikanyamaza. Kwa weusi kidonda bado kibichi, na Mzungu mwenye haya anatembea kwa kunyata. Mimi naona afadhali anayeuliza kuliko anayevamia. Lakini hata kwetu hodi ni tatu, na ukishaambiwa karibu, ingia! Yeye kaingia, kakaa karibu na mlango na sahani yake mapajani, mpaka watoto walipomvuta kwenye "Harambee!" Wakenya mnaisikia hiyo? Wanaipiga mara saba, mikono juu.

Leo asubuhi simu inalia, ujumbe wa bibi: "Habari gani?" Siku ya tatu hii, nikaandika "Ujima" nikicheka peke yangu, maana mimi ujima naujua wa somo la historia shuleni, kabla ya ukabaila na ubepari. Sijatuma bado, nasikia nje koleo linakwaruza. Nachungulia: bibi, miaka sabini na kitu, yuko mlangoni kwangu anazoa theluji. Ngoja nivae viatu.