Jinsi ya Kuweka Nishani za Babu kwenye Fremu Bila Kuziharibu

Haya, karibuni tena. Leo mezani nina vitu vya babu yangu mzaa mama. Alikuwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza la Afrika Mashariki, na vita ya pili ya dunia akaenda nayo hadi Burma, ambayo sasa ni Myanmar. Nina nishani nne, mbili za umbo la nyota na mbili za mviringo, picha moja na cheti cha kuachishwa jeshi. Mnajua kazi yangu ni kutengeneza na kuuza fremu, lakini nawaambia ukweli: fremu ndiyo sehemu rahisi.

Nawa mikono, ikauke, vaa glavu. Twende.

Nishani zimekaa miaka mingi kwenye mfuko wa plastiki laini, ule unaonukia kama pazia jipya la bafuni. Naufungua... ngoja. Ngoja kwanza. Kamera isogee hapa. Mnaona huo utelezi wa kijani kwenye hii nyota? Hii sikuipanga, jamani. Plastiki ile ni PVC. Ikizeeka inatoa tindikali, na tindikali inaila shaba. Tulidhani tumezihifadhi, kumbe tumezichovya.

Basi tunaanza na hapo. Toa utepe kwanza, uweke mbali kabisa. Chukua kijiti cha pamba, kiloweke kwenye asetoni safi, si ile ya kutolea rangi ya kucha yenye manukato na mafuta. Fungua dirisha, na moto usiwepo karibu. Kizungushe kijiti juu ya uchafu, usisugue. Kikishakuwa kijani, tupa, chukua kingine. Nitakata video hapa maana nilitumia vijiti kumi na saba na hakuna aliyekuja kuangalia hivyo.

Sawa, tumerudi. Utelezi umekwisha, weusi umebaki, na weusi huo tunauacha. Najua mkono unakuwasha uchukue dawa ya kung'arishia shaba. Usichukue. Dawa ile ina chembe zinazokwangua, kila ukisugua unaondoa chuma kidogo. Hii ya mviringo ina uso wa Mfalme George wa Sita. Ukimsugua kila sikukuu, wajukuu watarithi mfalme asiye na pua. Vumbi liondoe kwa brashi laini, basi.

Sasa zigeuze nyuma. Nyota zote mbili hazina jina wala namba. Uingereza ilizigawa nyota za vita ya pili bila kuchonga majina ya askari. Nishani za vita ya kwanza kwa kawaida zina namba na jina, za mviringo kwenye ukingo na nyota kwa nyuma, kwa hiyo kama unazo, mulika tochi kutoka ubavuni, utasoma. Za babu yangu zikitengana na hiki cheti, zinakuwa nyota za mtu yeyote. Ndiyo maana kabla ya kushika sindano, piga picha kila kitu, mbele na nyuma, vikiwa pamoja na karatasi zake.

Mpangilio: ukiwa unaitazama fremu, kuanzia kushoto kwako ni Nyota ya 1939–45, kisha Nyota ya Burma, kisha Defence Medal, mwisho War Medal. Kama za kwenu ni nyingine, fuata utaratibu wa nchi iliyozitoa, usipange kwa uzuri wa rangi.

Haya, sogeeni. Hapa ndipo nilipoharibu zamani, kwenye fremu ya nishani nyingine. Utepe wa Nyota ya 1939–45 una rangi tatu: bluu ya giza kwa ajili ya wanamaji, nyekundu ya jeshi la nchi kavu, bluu nyepesi ya wanaanga. Bluu ya giza inakaa kushoto kwako wewe mtazamaji. Kushoto. Mimi niliushona kinyume, nikafunga kioo, nikatundika, nikajisifu. Akaja mzee mmoja aliyewahi kuwa jeshini, akasimama mbele ya fremu kimya kama dakika nzima, halafu akasema, "Kijana, umewapeleka wanamaji angani." Nikafumua yote. Kwa hiyo kabla ya kushona, simama, tazama: bluu ya giza, kushoto. Wa Burma hauna shida hiyo, kushoto na kulia unafanana.

Kushona sasa. Glavu navua, mtanisamehe, sijaweza kushona nazo. Nashika utepe tu, chuma sikigusi. Ubao wa nyuma nimeufunika kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila rangi. Sufu sitaki, inatoa salfa inayotia fedha weusi. Gundi ndiyo kabisa, usiilete mezani. Uzi wa pamba, mishono midogo juu ya utepe, na mwingine unaozunguka kile kipete kinachoshika nishani kwenye utepe ili uzito usibebwe na utepe peke yake. Usikaze! Ukikaza, utepe mkuukuu unachanika kama... aa. Mmesikia? Umechanika huo. Kidogo tu, pembeni. Sitaukata wala kuubadilisha. Naweka kipande cha hariri nyembamba kwa nyuma, nakishikiza. Na angalieni tena kabla sijaendelea: bluu ya giza iko wapi? Kushoto. Safi.

Picha na cheti: tunaweka nakala. Vya asili vinaingia kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi. Tafadhali msivipeleke kupigwa laminesheni, ile gundi ya moto haitoki tena. Picha yetu ina neno moja la penseli nyuma, "Kalewa", mji ambao Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliuteka Desemba 1944. Hilo neno nimelipiga picha pia, na nakala yake inakaa mbele, chini ya nyota.

Kioo kisiguse nishani, weka vipande vya kukiinua pembeni. Kifunge. Nyuma ya fremu nabandika kadi: jina kamili, namba ya jeshi, kikosi, na nani kairithi.

Tundika ukuta usiopigwa na jua, mbali na jiko na bafu. Utepe ukipauka haurudi.

Mimi yangu naiweka korido, penye giza, na mama kashaanza kulalamika kwamba haionekani. Taa ndogo nitamwekea, awashe akiwa na wageni. Wiki ijayo tunafungua sanduku la sare, na nimeshaona tundu la nondo kwenye kola.