Filamu ya Marehemu Imalizwe na Nani?

Jambo yenu, wababa na wamama, na ninyi vijana mliojaa huku mbele. Aksanti kwa kuja na mvua hii. Nimepewa muda mfupi kabla filamu haijaanza, basi niingie moja kwa moja.

Filamu ya leo inaitwa The Other Side of the Wind. Mwongozaji wake ni Orson Welles, yule Mmarekani aliyetoa Citizen Kane mwaka 1941 akiwa na miaka 25. Hii alianza kuipiga mwaka 1970, kamera zikanyamaza 1976, naye akafariki Oktoba 1985 kabla hajaimaliza. Watu wameiona 2018: kwanza kwenye tamasha la filamu la Venice mwishoni mwa Agosti, halafu Novemba kwenye Netflix. Tangu hapo wapenzi wa senema wanabishana, na ubishi huo ndio ulionileta mbele yenu.

Kisa chenyewe kinamhusu mzee mwongozaji, Jake Hannaford, anayetimiza miaka 70. Anafanyiwa sherehe, na wageni karibu wote wamekuja na kamera. Tunachokiona sisi ni kama kimeokotwa kutoka kamera hizo: picha nyeusi na nyeupe, mara rangi, mara chenga tupu. Katikati ya sherehe mzee anawaonyesha filamu yake ambayo haijaisha kwa sababu pesa zimekatika. Anayemcheza Hannaford ni John Huston, naye pia mwongozaji mkubwa. Pembeni yake yuko kijana aliyefanikiwa kuliko mwalimu wake, na huyo ni Peter Bogdanovich, rafiki wa kweli wa Welles. Yaani filamu inayosimulia filamu iliyokwama, nayo ikakwama.

Ilikwama vipi? Sehemu ya pesa ilitoka kwa kampuni ya Paris iliyosimamiwa na Mehdi Boushehri, shemeji wa Shah wa Iran. Mwaka 1979 Shah akapinduliwa, kesi zikaanza, na negativu, yaani filamu zenyewe zilizotoka kwenye kamera, zikafungiwa kwenye labo huko Paris. Welles alibaki na kopi ya kazi tu, ile ya kukatia wakati wa kuhariri, na alikuwa amehariri kama dakika 40 hivi. Alipofariki, upande mmoja alikuwepo Oja Kodar, mwenzi wake aliyeandika naye filamu hii na kuicheza. Upande mwingine binti wa Welles, Beatrice. Na kampuni ya Paris nayo ikidai haki yake. Ndugu zangu, nani kati yetu hajaona parseli ya marehemu ikibaki kuta bila bati miaka na miaka, kwa sababu mjane na watoto hawajasikilizana?

Mwaka 2017 bobini 1,083 zilisafirishwa kutoka Paris kwenda Los Angeles. Saa kama 100 za picha! Mhariri Bob Murawski akakaa nazo, akifuata vipande ambavyo Welles alikwisha kuvikata na maandishi aliyoyaacha. Michel Legrand akatunga muziki, na miezi michache baadaye, Januari 2019, yeye pia akafariki.

Sasa watu walisemaje? Wako waliosema hii si filamu ya Welles. Hao nawaheshimu, maana wanakumbuka historia. Mwaka 1942, Welles akiwa Brazil, studio ya RKO iliikata The Magnificent Ambersons kwa zaidi ya dakika 40 na kubadilisha mwisho wake. Touch of Evil, filamu yake nyingine, nayo iliponyolewa, aliandika barua ya kurasa 58 kuomba irekebishwe. Mtu aliyeteseka hivyo na mikasi ya wengine, leo akatiwe filamu akiwa kaburini? Swali ni zito. Wengine walifurahi kupita kiasi. Wengine walichoka: picha zinakimbia mno, maneno yanapandana. Na wako waliouliza kwa nini mwanamke katika ile filamu ya Hannaford anatembea uchi na hasemi hata neno moja, na mimi naona wana haki ya kuuliza. Kuhusu wale waliokasirika kwamba imetolewa kwenye Netflix badala ya kumbi, sitakaa hapo; wengi wetu huku tunaangalia filamu kwenye simu tukihesabu mega.

Mimi ni mtu wa kuhariri, na msimamo wangu ni kwamba walifanya vema kuimaliza. Mkiangalia leo, subirini kile kipande cha ndani ya gari, usiku, mvua inapiga vioo, taa nyekundu na za kijani zinapita juu ya nyuso. Hapo mkono ni wa Welles. Kisha angalieni sherehe. Huston aliingia kazini miaka kadhaa baada ya kamera kuanza, kwa hiyo kuna mgeni anayeuliza swali mwaka mmoja na kujibiwa miaka mingine mbele, katika mji mwingine. Lilli Palmer, ambaye ndiye mwenye nyumba ya sherehe, alipigwa picha Hispania. Murawski amewakutanisha, na macho yao yanakutana kweli. Welles alikuwa amemwomba Bogdanovich, kama lolote likimpata, aimalize. Bogdanovich mwenyewe alilisema hilo hadharani. Kwangu ombi la mwenye kazi lina uzito kuliko hofu ya wapenzi wake.

Lakini kuna jambo ambalo wabishani wa Ulaya na Marekani hawalitaji, kwa kuwa kwao halionekani. Walipata nafasi ya kubishana kwa sababu negativu zilikaa salama Paris miaka yote ya kesi. Ugomvi uliifunga filamu, lakini labo iliitunza. Hapa Lubumbashi ugomvi wa warithi unaiua filamu kabisa. Familia moja ya hapa mjini iliniletea kopo la mzee wao, filamu aliyoianza na hakuimaliza. Nilipolifungua, harufu ya siki ilijaa chumba. Ndivyo filamu za asetati, aina ya plastiki, zinavyooza zikikaa kwenye joto na unyevu: zinatoa siki, zinanywea, zinajikunja. Nilijaribu kuvuta ncha, ikakatika mkononi. Kulikuwa na picha za watu humo, niliwaona kwa taa, wamesimama mbele ya duka. Warithi walikuwa bado hawajakubaliana nani aruhusu kuigusa.

Kwa hiyo mwenye kopo nyumbani, tafadhali, asilifungue juani wala asiliweke chini ya bati. Aliweke mahali penye baridi na pakavu, mbali na jiko. Aandike juu yake jina la aliyepiga picha na majina ya walio hai wanaoikumbuka kazi hiyo. Akitaka anione mimi au vijana hawa wa montaji, yaani wa kuhariri, baada ya filamu. Hatutauliza kwanza kopo ni la nani. Tutanakili picha, kisha familia iendelee na mazungumzo yake.